Tumieni wingu, lakini diski ibaki Dodoma

Mfumo wa ununuzi wa umma, NeST, hauna huruma na saa. Muda wa mwisho wa zabuni ukifika, dirisha linajifunga lenyewe, na mzabuni ambaye nyaraka zake zimekwama kwenye akaunti isiyofunguka hana wa kumlilia. Kampuni ndogo za Dodoma zinaishi kwa kazi za wizara, halmashauri na miradi: washauri, wapima ardhi, wachapaji, wakandarasi wa madaraja ya chini. Kwao, mahali faili zinapokaa ni suala la mkate. Hata hivyo uamuzi wenyewe hufanywa kwa mazoea. Aliyezoea Google tangu chuoni anabaki Google, aliyekulia kwenye Word na flashi anabaki huko, na bosi aliyewahi kuibiwa laptopu anaagiza kila kitu kiende mtandaoni.

Msimamo wangu ni huu. Ofisi ya Dodoma iweke kazi zake za kila siku kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, bila woga, lakini nakala kamili, inayofunguka bila intaneti na bila ruhusa ya mtu yeyote, ikae kwenye diski iliyo mkononi mwa ofisi. Na anayechagua kati ya Microsoft, Google na programu huria (za bure kama LibreOffice) aulize kwanza: siku nikitaka kuhama, nitatoka na mali yangu yote, na kwa shida kiasi gani? Ukubwa wa hifadhi ya bure aufikirie baadaye.

Nianze na wale wasiotaka kusikia habari ya wingu. Hoja yao ina uzito, kwamba data ikiwa ndani ya chumba chako humwombi mtu. Tatizo ni chumba chenyewe. Seva ya ofisi ndogo huishia stoo, nyuma ya maboksi ya karatasi za A4, dirisha limefungwa kwa kuogopa wezi. Kiangazi cha Dodoma ni kirefu, na upepo wake huleta vumbi laini linalopenya hata kwenye nyavu. Feni ya seva hulivuta vumbi hilo hadi kwenye mapezi ya chuma yanayopoza prosesa, mapezi huziba, joto hupanda, mashine inapunguza kasi ili isiungue, na wafanyakazi wanaanza kulalamika kwamba seva imechoka. Diski nazo hazipendi joto. Halafu kuna umeme: ukikatika unaharibu faili lililokuwa likiandikwa, na ukirudi kwa volti inayoruka unaunguza pawasaplai.

Anayeng'ang'ania seva basi ailipie kweli. Anahitaji UPS, betri ya akiba, inayoiamuru seva ijizime vizuri betri ikikaribia kuisha (ule waya wa USB wa kuunganisha UPS na seva mara nyingi hubaki kwenye boksi bila kuchomekwa), stabilaiza, blowa ya kutoa vumbi kila baada ya miezi 3, na diski mbili zinazoandikwa kwa pamoja. Hata hizo diski mbili zinakinga jambo moja tu, nalo ni kufa kwa diski moja. Moto, mwizi, na karani aliyefuta folda isiyo yake huzimaliza zote mbili kwa mpigo.

Na asidhani kwamba ukubwa wa mwenye seva ndio unaomlinda. Septemba 26, 2025 betri za lithiamu ziliwaka moto katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Mamia ya mifumo ya serikali yalizimika. Hifadhi ya faili za watumishi iliyoitwa G-Drive, terabaiti 858, ikateketea bila nakala mahali pengine, kwa kuwa ilionekana kubwa mno kunakiliwa. Kituo kilikuwa cha serikali yenyewe, ndani ya nchi yenyewe, chini ya wahandisi wake yenyewe. Sisi tunaojenga Mji wa Serikali pale Mtumba tuna kila sababu ya kulisoma tukio hilo kwa makini.

Wingu basi. Wenye vituo vya data vya wingu wana umeme, ulinzi na mafundi ambao ofisi ya Makole au Area D haiwezi kuwa nao. Faili moja huwekwa kwenye mashine kadhaa, diski ikifa mtumiaji hajui. Kinachomfikia mtumiaji wa Dodoma ni matatizo ya aina tatu: njia, usawazishaji na akaunti.

Njia kwanza. Data ya Dodoma husafiri kwa faiba hadi Dar es Salaam, kisha huingia baharini. Vituo vikubwa vilivyo karibu nasi viko Afrika Kusini: vya Microsoft vilifunguliwa 2019, vya Amazon mjini Cape Town 2020, na vya Google mjini Johannesburg 2024. Mtumiaji wa kifurushi cha kawaida hata hachagui faili zake zikae wapi. Mei 12, 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika siku moja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku hiyo kuwa na laini za kampuni mbili hakukusaidia sana, kwa sababu kampuni zote mbili zilikuwa zikitegemea mikongo ileile. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na hali ikaendelea kwa siku kadhaa. Tangu hapo sioni kwa nini ofisi yoyote ya hapa isijipime kwa kipimo kimoja: je, tunaweza kufanya kazi siku 5 bila intaneti kabisa?

Wauzaji husifia asilimia 99.9. Ndiyo ahadi ya Microsoft na Google kwa wateja wa kulipia, na kwa mwezi wa siku 30 maana yake ni kwamba huduma inaweza kukosekana kwa dakika 43 bila ahadi kuvunjika. Ikivunjika, unapata punguzo kwenye ankara au siku za ziada za huduma. Zabuni iliyokupita haimo kwenye mkataba. Tena wanahesabu hitilafu za upande wao tu. Faiba iliyokatwa na katapila Nzuguni ni msiba wako.

Kwa hitilafu za hapa mjini dawa ipo na ni nafuu. Weka faiba na ruta ya laini ya simu ya kampuni nyingine, na vyote viwili uvichomeke kwenye UPS ndogo ya ruta. Ruta na kile kisanduku cha faiba kwa pamoja hula takriban wati 10 hadi 15. Kifaa chenye betri ya mAh 10,000 kwa volti 3.7 kina wati-saa 37, na ukiondoa upotevu hubaki kama 30, yaani saa 2 hadi 3. Kabla ya kununua soma volti iliyoandikwa kwenye adapta ya ruta yako. Nyingi ni volti 12, lakini zipo za 9 na 5, na kuchomeka volti 12 kwenye kifaa cha 5 ni kukiua papo hapo.

Usawazishaji ndio unaoumiza ofisi nyingi, tena siku ambayo mtandao uko sawasawa, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi. OneDrive ya Microsoft na Google Drive kazi yao ni kufanya folda ya kompyuta ifanane na folda ya mtandaoni. Ukifuta huku, kule hufutika. Kirusi cha kompyuta kikizifunga faili zako ili udaiwe fedha, zinazopakiwa ni hizo zilizofungwa. Pipa la taka la Google Drive hujisafisha baada ya siku 30. La OneDrive ya binafsi vilevile, na la akaunti ya kazi baada ya siku 93. Ripoti ya robo mwaka iliyofutwa kwa bahati mbaya Januari, mkaguzi akiiulizia Julai haipo.

Windows 11 ina mtego wake. Mtu akiingia kwa akaunti ya Microsoft, folda za Desktop, Documents na Pictures huweza kuhamishiwa OneDrive bila yeye kugundua. Nafasi ya bure ni gigabaiti 5. Ikijaa, maonyo yanaanza, mtu anafungua tovuti na kufuta anachodhani ni nakala ili apate nafasi, kumbe anafuta faili lenyewe. Njia sahihi ni kufungua mipangilio ya OneDrive ndani ya kompyuta, kuzitoa folda hizo moja baada ya nyingine, kisha kuhakikisha faili zimerudi mahali pake kabla ya kugusa chochote kwenye tovuti. Jifunze pia alama zilizo pembeni ya jina la faili. Kiwingu cha buluu kinaonyesha kwamba faili halipo kwenye kompyuta, kuna jina tu. Tiki ya kijani kwenye duara jeupe: lipo kwa sasa, lakini Windows inaweza kuliondoa ikihitaji nafasi. Duara lililojaa kijani lenye tiki nyeupe: limeamriwa kubaki. Folda ya zabuni na folda ya fedha ziwe na duara lililojaa, kwenye kompyuta mbili angalau.

Google nayo ina lake. Waraka wa Google Docs unaouona kwenye folda ya kompyuta ni kiungo tu. Ukiunakili kwenye flashi na kwenda nao Kongwa, umebeba anwani, ripoti umeiacha. Kuufungua bila intaneti kunawezekana, ila kunawashwa mapema, ukiwa na mtandao, ndani ya kivinjari cha Chrome au Edge, na kwenye kompyuta hiyohiyo utakayoitumia. Watu hulikumbuka hili wakiwa tayari wako kijijini. Novemba 2023 baadhi ya watumiaji wa programu ya Google Drive ya kompyuta walikuta kazi za miezi kadhaa hazionekani. Google ilikiri hitilafu kwenye toleo la 84 na kutoa njia ya kuzirejesha, lakini aliyekuwa na diski pembeni hakuhitaji kuisubiri.

Tatizo la tatu, akaunti, lina mfano mkubwa. Mei 2024 Google Cloud ilifuta kimakosa usajili wa wingu binafsi wa mfuko wa pensheni wa Australia uitwao UniSuper, wenye wanachama zaidi ya 600,000, na nakala iliyokuwa kwenye kanda ya pili nayo ikaenda. Mfuko uliokolewa na nakala zilizohifadhiwa kando, zikiwemo zilizokuwa kwa mtoa huduma mwingine. Huku kwetu akaunti hupotea kwa njia za kawaida zaidi. Ofisi inatumia Gmail ya binafsi ya mhasibu; mhasibu anapata ajira Mwanza, anaondoka na mikataba, risiti na nywila. Au msimbo wa uthibitisho unatumwa kwa SMS kwenye laini iliyolala muda mrefu, namba ikafungwa na kupewa mtu mwingine.

Zuia hayo kwa kusajili kikoa, yaani jina lenu la mtandaoni, cha .co.tz au .or.tz kupitia wakala aliyeidhinishwa, kwa jina la kampuni, si la fundi aliyewatengenezea tovuti. Kikoa kikiwa chako, kuhamisha upokeaji wa barua pepe mpya kutoka Google kwenda Microsoft ni kubadili rekodi za MX, maelezo ya kikoa yanayosema barua zipelekwe wapi. Siku moja kabla punguza muda wa kuhifadhiwa kwa rekodi hizo hadi sekunde 300 ili mabadiliko yaenee haraka. Wawepo wasimamizi wawili wa akaunti, na wasiwe wanandoa wala mtu na mdogo wake. Faili za kazi zikae kwenye hifadhi ya pamoja ya shirika, kwa sababu faili lililo kwenye hifadhi ya mtumishi mmoja ni lake kimfumo na akaunti yake ikifutwa linaondoka naye. Google hukupa siku 20 za kuirejesha akaunti iliyofutwa, Microsoft siku 30. Zile namba 10 za dharura ambazo Google hutoa kwa ajili ya uthibitisho zichapwe na kuwekwa kwenye kasha la fedha.

Mashindano ya majukwaa yenyewe hayahitaji maneno mengi. Ofisi inayopeleka nyaraka wizarani kwa violezo vya Word, vyenye majedwali na vichwa vya kurasa vilivyopangwa, itumie Microsoft iliyosakinishwa kwenye kompyuta. Excel ya kwenye kivinjari haiendeshi makro za VBA (amri zinazojiendesha ndani ya jedwali), na majedwali mengi ya bajeti yana makro. Timu inayokusanya takwimu kutoka wilayani, watu 6 wakijaza jedwali moja kwa wakati mmoja, Google inawafaa zaidi. Steshenari, shule na vyama vya msingi vingefaidika na LibreOffice kuliko vinavyodhani, mradi kila kinachotoka nje kitoke kama PDF, kwa sababu mpangilio wa kurasa hubadilika waraka unapofunguliwa kwenye programu nyingine.

Tofauti kubwa zaidi leo iko kwenye umri wa mashine. Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025, pamoja na Office 2016 na 2019. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kimsingi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, ilhali laptopu nyingi za mtumba zina Core i5 ya kizazi cha 4 hadi cha 7. Kwa mashine za watu binafsi Microsoft iliweka mwaka mmoja wa viraka vya usalama vya ziada, hadi Oktoba 2026, kwa waliojiandikisha. Baada ya hapo mashine hizo ziwekewe Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, ambayo RAM ya gigabaiti 4 inaitosha. Kinachonisikitisha ni ushauri wa kusakinisha Office "iliyokrakiwa". Programu ya kukraki hudai uzime kwanza kinga ya virusi, na hapo umemfungulia mlango usiyemjua akaingia kwenye hesabu za SACCOS ya watu.

Faili kubwa nazo zina hesabu yake. Mpima ardhi aliyerusha droni kwenye viwanja vya Ihumwa anarudi na picha za gigabaiti 40. Kwa laini inayopakia megabiti 5 kwa sekunde, kuzifikisha mtandaoni ni karibu saa 18, bila kukatika hata mara moja. Asijaribu. Picha ghafi zibaki kwenye diski mbili za ofisini, na kwenye wingu ziende ramani zilizokamilika na mafaili ya mradi. Kurudisha ni kazi kubwa vilevile: gigabaiti 500 kwa kasi ya megabiti 20 ni zaidi ya saa 55. Anayetegemea wingu pekee ajue kwamba baada ya wizi wa kompyuta atakaa zaidi ya siku mbili akipakua, bando likikubali.

Sasa diski. Nunua mbili za nje za terabaiti 2, zipangwe kwa mfumo wa faili wa NTFS; mfumo mwingine, exFAT, hauna kumbukumbu ya maandishi yanayoendelea, na ukichomoa ghafla au umeme ukikatika huharibika kirahisi. Zifungwe kwa nywila kwa kutumia BitLocker au VeraCrypt, na ufunguo wa kurejesha uchapwe kwenye karatasi isiyokaa pamoja na diski. Kila Ijumaa nakala ichukuliwe kwenye diski moja, kisha iondoke kwenda nyumbani kwa mkurugenzi, mtaa mwingine, na ile nyingine irudi ofisini. Isibaki imechomekwa wiki nzima, kwa sababu kirusi cha kufunga faili hufunga kila diski kinachoiona.

Kwa faili za kompyuta, amri ya kunakili ya robocopy ndani ya Windows inatosha, ila tumia /E na si /MIR. Ya pili hufuta kwenye diski kila ambacho hakipo tena kwenye kompyuta, na hapo umerudi kulekule kwenye usawazishaji. Kwa Google Drive, programu huria ya rclone hupakua nyaraka za Docs zikiwa zimegeuzwa kuwa docx na xlsx; hapa pia amri ni copy, kamwe si sync. Asiyejua kuandika amri atumie Google Takeout, ambayo inaweza kupangwa kutoa nakala kila baada ya miezi miwili kwa mwaka mmoja. Viungo vyake vya kupakulia huisha muda baada ya siku 7 hivi, kwa hiyo awepo mtu mwenye jukumu hilo kwa jina.

Sheria isisahauliwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Zahanati, shule au SACCOS inayoshika majina, namba za NIDA na historia za watu inatakiwa kujisajili, na kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi kuna masharti. Ukiziweka kwenye folda ya wingu, kwa kiasi kikubwa umeshazisafirisha. Ofisi za umma zina utaratibu wao chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, na mtumishi anayepokea barua za Serikali kwenye akaunti yake ya binafsi kwa kuwa ni nyepesi anawaweka wananchi hatarini. Orodha za wagonjwa na za wakopaji ningezibakiza ndani ya nchi, kwenye diski zilizofungwa, hadi mshauri wa sheria aseme vinginevyo kwa maandishi.

Kuhusu fedha, vifurushi vingi hupangwa kwa dola na hukatwa kwenye kadi. Kadi ikikataa, akaunti husimamishwa kwanza na baadaye hufutwa. Weka salio la miezi mitatu kwenye kadi hiyo, na barua pepe za ankara ziende kwa watu wawili. Akaunti za bure nazo zina kikomo: tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti ya binafsi isiyoguswa kwa miaka 2, na mradi uliofungwa Manyoni au Mpwapwa huacha akaunti ya namna hiyo.

Kisha lifanyike jaribio, mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla wateja hawajaanza kuingia. Zima ruta. Chukua diski ya Ijumaa na laptopu ambayo haijawahi kuingia kwenye akaunti ya ofisi. Mtu asiyehusika na kompyuta ataje faili tatu: moja ya wiki hii, moja ya mwaka jana, na moja ya mradi uliokwisha. Zifunguliwe, zisomwe hadi ukurasa wa mwisho, na moja ichapwe. Kama diski inaomba ufunguo usiojulikana uko wapi, kama faili linafungua kivinjari badala ya waraka, au jedwali lina safu tupu, zabuni ya wiki hiyo isubiri hadi kasoro hiyo iondolewe.